Barua kwa mwanangu: Kabla hujatia sahihi

Makina, Kibra
Jumapili, baada ya Alasiri

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Sisi hatujambo, ila mguu wa shangazi yako ni ule ule, na mvua imeanza kuingia kupitia lile bati la jikoni ulilosema utalitengeneza kabla hujasafiri.

Sauti uliyotuma kwenye simu usiku wa Alhamisi nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na mama yako. Hakusema neno, aliinuka akaenda kufunika sufuria iliyokuwa imefunikwa tayari. Mara ya pili nilikuwa peke yangu. Mara ya tatu nilikuwa nje ya msikiti natafuta viatu vyangu, mzee mmoja akanigeukia: "Huyo si kijana wako? Anaingia jeshi gani?" Kwa hiyo Makina nzima inajua. Usinilaumu, sikujua spika iko wazi.

Umesema mambo mawili. La kwanza, kwamba kazi ya ghalani huko Dallas inakumaliza mgongo, na yule bwana anayeandikisha askari wa Marekani amekwambia kwamba kwa kadi yako ya ukaazi watakuchukua, na uraia utaupata upesi kuliko wenzako. La pili umelisema kwa ile sauti ya kunibembeleza: "Hata Babu alikuwa askari, Baba, na sote tunamheshimu."

Hilo la pili ndilo lililonishikisha kalamu. Ulikuwa na miaka 5 Babu alipotutoka. Unachokumbuka ni peremende za mfukoni na lile koti zito la kijani. Kwako Babu alikuwa mtu wa kuheshimiwa tangu jua lichomoze. Mimi nilimjua siku ambazo heshima hiyo aliifuata maofisini na bahasha mkononi, na hakupewa.

Usidhani nakukataza. Nitakukatazaje mimi, mtoto wa Keya na mjukuu wa Keya? Ndivyo wazee walivyoitamka K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu, na jina likaganda. Sisi tuko Nairobi kwa sababu ya bunduki. Hakuna mzee wetu aliyekuja huku kutafuta shamba wala duka. Waliletwa na jeshi, pamoja na mahema na masufuria ya jeshi.

Shuleni mlifundishwa kwamba sisi Wanubi ni "Wasudani waliobaki". Mtu habaki tu, huachwa. Mzee wetu wa mwanzo tunayemjua alikuwa askari wa serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta, chini ya gavana aliyeitwa Emin Pasha, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mjerumani. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa watu wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeiasi serikali hiyo, Januari 1885, njia ya kaskazini ikafungwa. Hakuna mshahara, hakuna barua. Mwaka 1889 Emin akaondoka na Stanley, yule Mzungu msafiri, kuelekea pwani, na askari wengi wakaachwa huko huko. Miaka miwili baadaye akatokea Kapteni Lugard, afisa wa Kiingereza, akawakuta mahali panapoitwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Yeye alihitaji bunduki za kumsaidia Uganda. Akawachukua askari mia kadhaa, na nyuma yao wake, watoto na wafuasi kwa maelfu, mji mzima unaotembea kwa miguu. Humo ndani, mgongoni kwa mama yake, ndimo alimokuwa babu yangu mimi, baba yake Babu yako.

Sitakuficha kwamba waliwahi kuasi. Mwaka 1897 walikuwa wamechoka kutembezwa kutoka boma hili hadi lile, mshahara mdogo na wenyewe unachelewa, wakaambiwa tena waende safari ndefu na wake zao wabaki nyuma. Damu ikamwagika Busoga, kule Uganda. Babu yako hakupenda kisa hicho kisimuliwe mbele ya wageni. Mimi nakiona kama barua ya madai iliyokosa wa kuisoma.

Babu yangu aliingia Keya mwaka 1908, akiwa kijana wa miaka 18 hivi. Vita ya kwanza ikamkuta na bunduki, akaimaliza Tanganyika, kule kusini, nyuma ya Lindi, wakimfukuza Mjerumani ambaye hakukamatika hata vita yenyewe ilipokwisha Ulaya. Mwaka 1920 akatimiza miaka 12 ya utumishi, na huo ndio uliokuwa mpango tangu 1912: askari wa Kisudani aliyetimiza miaka 12 apewe kibali cha kujenga na kulima hapa Kibra bila kodi. Wazee walikiita shamba pasi. Kibra ilikuwa msitu mtupu, na jina lenyewe kwa Kinubi ndiyo maana yake. Mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari zaidi ya 4,000. Laini Saba unayoijua wewe kwa chapati na vinyozi ilikuwa uwanja wa shabaha, mstari wa saba wa kulengea.

Sasa sikiliza neno lile lile: kibali. Si hati. Wazee hawakuona tofauti. Wangeionaje? Afisa wao aliwaambia, "Hapa ni penu," na askari hamuulizi afisa wake amwandikie. Wakapanda miembe. Wakajenga zile nyumba za udongo zenye vyumba sita na ukumbi katikati. Mwaka 1934 Tume ya Ardhi ya wakoloni ikatoa ripoti: Wasudani wa Kibra ni wapangaji wa Mfalme, wanakaa kwa hiari yake. Miaka 16 tu tangu risasi ya mwisho. Babu yangu hakujua Kiingereza, habari hiyo alikuja kuisikia baadaye kabisa, kutoka kwa karani, akadhani karani amekosea kutafsiri.

Baba yake akiwa bado anadhani hivyo, Babu yako naye akaenda kujiandikisha. Ilikuwa 1941, ana miaka 19, amezaliwa hapa hapa Kibra. Nilipomuuliza sababu alisema, "Kila mtu wa mlango wetu alikuwa anavaa kofia." Hakuna hotuba. Nadhani na wewe ukisema kweli sababu yako inafanana na hiyo, ukichanganya na mgongo.

Burma alikwenda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944, katikati ya masika ya kule, waliteremka Bonde la Kabaw. Hakusimulia mapigano hata mara moja. Alisimulia matope. Alisema gari lilizama mpaka dirishani, na nyumbu wakawa wanakufa wamesimama. Alisimulia vile vidonge vya malaria vilivyowafanya ngozi iwe ya njano, wakawa wanachekana. Na alisimulia daraja la mto Chindwin pale Kalewa, Desemba ya mwaka huo, refu kuliko daraja lolote alilowahi kuvuka, linaelea juu ya maji kama kitanda cha kamba. Mpaka anakufa, mvua kubwa ikinyesha usiku alikuwa anaamka, anakagua miguu yake kwa tochi, kidole kwa kidole, kisha analala tena. Mama yako anaweza kukuhadithia, alimkuta hivyo usiku wake wa pili kama bibi harusi nyumba hii.

Walipoachishwa jeshi walipewa pesa ya kwaheri. Ilihesabiwa kwa miezi ya utumishi na kwa rangi. Mzungu wa cheo cha chini kabisa alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Mwafrika wa huku, shilingi 3 na senti 50. Matope yalikuwa yale yale. Babu yako alinunua baiskeli, cherehani ya mama yake, na bati. Bati hilo ndilo linalovuja sasa.

Akapewa pia ile nyota ya shaba, Nyota ya Burma. Umeichezea utotoni: ncha sita, na utepe wa samawati iliyoiva, ukanda mwekundu katikati, michirizi miwili ya rangi ya chungwa. Nataka ukumbuke upande wa nyuma. Nyuma ni tupu. Medali ya babu yangu ya vita ya kwanza ilikuwa ya fedha na ilichongwa jina lake ukingoni, herufi ndogo ndogo, limekosewa lakini lipo. Hiyo bibi yetu aliiuza kwa sonara mwaka mmoja wa njaa. Iliyobaki nyumbani ni ile isiyo na jina.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika.

Nilikuwa na miaka 12, mwaka 1974, Babu yako aliponichukua mjini kununua viatu vya shule. Tukapita Kenyatta Avenue, akasimama kwenye ile sanamu ya askari watatu. Wewe umepita pale mara mia, sijui kama uliwahi kusoma. Imeandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Inawataja askari Waafrika, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Na hao wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwisho inasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Babu yako aliisoma kwa Kiarabu, kidole kikifuata mstari. Nikamuuliza, "Mbona hakuna majina?" Alitazama jiwe kwa muda mrefu kama mtu aliyeambiwa asome tena. Kisha akasema tuharakishe, duka la viatu litafungwa.

Miaka 6 baadaye nikatimiza 18, nikaenda kuomba kitambulisho. Wenzangu wa darasa walipeleka cheti cha kuzaliwa na jina la chifu, wakaambiwa warudi baada ya wiki kadhaa. Sisi watoto wa Kinubi tulipangwa benchi la pembeni, tungoje kupigwa msasa. Ofisi yenyewe sitaitaja, waliokuwa pale wengi wameshatangulia mbele ya haki. Nikaambiwa, leta karatasi ya baba. Nikaleta. Leta ya babu. Siku ya tatu Babu yako akasema atakuja mwenyewe.

Alikuja amevaa lile koti, Februari, jua la kupasua mawe. Viatu vinang'aa. Nyota iko kifuani. Akasimama mkakamavu mbele ya kijana aliyekuwa rika langu na miaka michache juu, akaweka mezani cheti chake cha kuachishwa jeshi. Kijana akakisoma. Kwenye mstari wa kabila palikuwa pameandikwa Msudani. Akakigeuza kwangu, akakiwekea kidole, "Imeandikwa hapa. Nyinyi ni watu wa Sudan." Babu yako akasema, taratibu kabisa, "Sudan sijaiona. Burma nimeiona."

Watu benchini wakacheka, na yule kijana akaona amechekwa yeye. Akanyoosha mkono, "Hebu hiyo medali." Babu yako akaifungua pini akampa. Kijana akaigeuza nyuma, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza tena. Akairudisha mezani. "Haina jina," akasema. "Inaweza kuwa ya mtu yeyote."

Niliusikia mlio wake ilipogusa ubao. Babu yako hakujibu. Alichukua ile nyota, akaitia mfukoni badala ya kifuani, akanishika mkono kama mtoto wa darasa la pili, tukatoka. Sijawahi kumwona ameivaa tena. Kitambulisho nilikipata baada ya miezi 14, na kazi ya ukarani reli niliyokuwa nimeahidiwa ilikuwa imeshachukuliwa.

Wewe ulikuja kupata yako mwaka 2017, nawe ulikaa lile benchi. Katikati kuna mambo mengi wazee na vijana wetu walifanya, na si madogo. Kesi ya watoto wa Kinubi ilipelekwa hadi kwenye Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za watoto, na mwezi Machi 2011 ikaamua kwamba Kenya imewanyima watoto wetu haki yao ya uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2009, kwa mara ya kwanza, sensa ilituhesabu kwa jina letu badala ya kututia kwenye "wengineo". Na Juni 2017, mwezi ule ule ulipokuwa unahangaika na fomu, tukakabidhiwa hatimiliki ya jamii, ekari 288. Tulicheza doluka, ngoma yetu, mpaka usiku, kina mama na vitambaa vyao vya gurbaba, hata mimi na goti hili. Sikufanya hesabu usiku ule. Niliifanya asubuhi yake: 288 kwa zile elfu nne na ushei. Hata saba kwa mia haifiki. Lakini ni hati, na ina jina.

Heshima ya Babu yako, kama unaitafuta, usiitafute kwenye vita. Baada ya Burma aliishi miaka 58. Aliandikia barua wajane wa Keya kila Jumamosi, pale kwenye meza ya kukunja, wengine hata si Wanubi, Wakamba na Wakalenjin waliosikia tu kwamba kuna mzee Makina anajua namna ya kuwaandikia wakubwa wa jeshi. Nyingi hazikujibiwa. Aliweka nakala ya kila moja kwa karatasi ya kaboni. Aliosha maiti. Kipindupindu kilipoingia mtaani alikuwa wa kwanza kuchimba, na alichimba kwa vipimo vya jeshi, futi kwa futi, vijana wanamcheka.

Na mwisho wa 2001 hukuwa na akili ya kukumbuka. Maneno ya siasa kuhusu kodi za nyumba yaliwasha moto, wenye nyumba wengi wakiwa Wanubi, wapangaji wengi Wajaluo. Watu walikufa. Sisi tulikuwa na wapangaji vyumba vinne uani, mmoja fundi cherehani na mkewe mja mzito. Babu yako, miaka 79, alitoa kigoda akakiweka mlangoni, akavaa koti lake, akaketi. Usiku kucha. Kundi la vijana wetu wenyewe likaja na marungu. Nilikuwa nyuma ya mlango nimekushika, mkono wangu umekuziba mdomo. Nilimsikia anawauliza mmoja mmoja, kwa Kinubi: wewe ni mtoto wa nani? Na baba yako ni mtoto wa nani? Aliwapanga kwa majina ya babu zao, kila mmoja. Mtu aliyetajiwa babu yake ana kazi kuinua rungu. Wakaondoka. Yule fundi mpaka leo, kila Idi, huleta kitambaa kwa mama yako, na hataki pesa.

Sasa turudi kwako na huyo mwandikishaji wako.

Tangu Ijumaa nasoma kwenye simu mpaka macho yanawasha. Kweli anayokwambia yapo. Tangu amri ya rais wao ya Julai 2002, mgeni anayetumika jeshini kwa heshima anaweza kuomba uraia bila kusubiri ile miaka mitano, wala halipi ada. Lakini soma neno lenyewe: kuomba. Hauji wenyewe. Fomu ya N-400 unaijaza wewe, na kuna nyingine, N-426, ya jeshi kuthibitisha utumishi wako. Isipotiwa sahihi na mkubwa wako, huna kitu. Na ukitolewa jeshini kwa njia isiyo ya heshima kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi, uraia ulioupata hivyo unaweza kunyang'anywa. Hayo amekwambia?

Wapo waliopigania Marekani, Vietnam na baadaye, wakarudi na majeraha yasiyoonekana, wakaingia matatani na polisi, na ikagundulika kwamba karatasi za uraia hawakuwahi kuzimaliza. Walidhani kiapo cha jeshi kimetosha. Wakafukuzwa nchini. Wengine wanaishi Tijuana, mji wa Mexico ulio mpakani, wanatazama ng'ambo ya ua nchi waliyoivalia sare. Nimesoma habari hiyo nikamwona babu yangu na shamba pasi yake.

Na wapo waliokumbukwa. Kuna mmoja aitwaye Alfred Rascon, mzaliwa wa Chihuahua, Mexico. Alikuwa tabibu wa askari wa miamvuli. Machi 1966 huko Vietnam aliwafunika wenzake waliojeruhiwa kwa mwili wake mwenyewe, guruneti zinapasuka, na wakati huo hakuwa raia wa Marekani bado, uraia aliupata mwaka uliofuata. Wenzake wakamwombea medali ya juu kabisa. Karatasi za maombi zikapotea. Alivishwa Februari 2000, karibu miaka 34 baadaye, kwa sababu wale wale wenzake walipozeeka walikumbuka wakaanza kuuliza. Nimekisoma kisa hicho mara mbili. Ushujaa wake haukupungua hata siku moja katika miaka hiyo yote, kilichokosekana ni faili.

Basi rai yangu ndiyo hii, na si ya kishujaa. Usitie sahihi mbele ya huyo bwana siku unayokutana naye. Chukua karatasi nyumbani, usome usiku, zisome tena asubuhi. Kila ahadi atakayoitamka mwombe aioneshe ilipoandikwa. Akikwambia "usijali", jali. Siku ukiingia, wiki ile ile anza kuulizia N-426. Jina lako liandikwe kila mahali kwa herufi zile zile zilizo kwenye pasipoti, usikubali wakufupishie. Piga nakala ya kila kitu, moja ututumie. Uraia wa Kenya hautakutoka, Katiba ya 2010 inamruhusu aliyezaliwa raia kuwa na wa pili, kwa hiyo hapo usiogope. Na ukiona moyo unasita, rudi ghalani, mgongo tutautafutia dawa. Hakuna atakayekucheka hapa. Atakayekucheka nitamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Ndani ya bahasha kuna vitu vitatu. Nakala ya cheti cha Babu cha kuachishwa jeshi, ule mstari wa kabila utauona. Picha ya nyuma ya nyota, nimeipiga mwenyewe, imetoka na kivuli cha kidole changu. Na karatasi ya majina. Nimeyaandika kuanzia kwako kwenda juu, mpaka yule wa Kavalli. Vizazi vitano, na kando ya kila jina mahali alipozaliwa na jeshi alilotumikia, kwa wino mweusi usiofutika. Pale chini ya jina lako nimeacha nafasi. Mstari wa jeshi pia nimeuacha wazi, ujaze mwenyewe au uuache hivyo hivyo.

Mama yako amesimama nyuma ya kiti changu tangu ukurasa wa pili akijifanya anatafuta tabaga, kile kifuniko cha chakula. Anauliza kama huko jeshini wanapika nguruwe sufuria moja na chakula kingine. Nimemwambia hilo umjibu wewe, kwa sauti, na spika nitazima.

Baba yako